Jina la Karatasi

Mwezi wa Juni Sumbawanga huamka na baridi ya kuuma masikio. Mji uko juu, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na upepo unaovuka uwanda wa Ufipa hauna mti wa kuuzuia. Asubuhi moja ya namna hiyo mimi na baba mdogo, amejifunga koti lake la sufi mpaka shingoni, tulipanda gari kwenda kijijini alikozaliwa kutafuta karatasi. Ofisi tuliyoiendea sitaitaja, maana ningeweza kuwa naandika habari za ofisi yoyote.

"Shikamoo, mzee," alisema kijana aliyekuwa mezani.

"Marahaba, baba. Tumekuja kuulizia karatasi za shamba."

"Karatasi gani, mzee wangu?"

"Zile za shamba. Za kupewa."

Kijana aligeuka akatazama kabati. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa mpira wa baiskeli, na mwingine ulikuwa wazi ukionyesha mafaili yaliyolaliana mpaka juu. "Hapa karatasi ni nyingi, mzee. Njooni Alhamisi."

Alhamisi tulienda, tukaambiwa mtendaji yuko kwenye kikao cha kata. Mara ya tatu tukapewa jibu ambalo kila Mtanzania analijua: faili halionekani.

Nimelitafakari sana neno hilo, *halionekani*. Kauli ya kutendeka ni mali kubwa katika Kiswahili. Mlima unaonekana, njia inapitika, chakula kinalika: tunataja hali ya kitu bila kumtafuta mtenda. Lakini ofisini kauli hiyo imepewa kazi nyingine. Anayesema "nimelipoteza" amejitaja. Anayesema "limepotea" amekiri angalau kwamba kuna tukio. Anayesema "halionekani" hajamtaja mtu, hajataja tukio wala siku. Amesema tu kwamba macho yametazama na kitu hakikujitokeza, kana kwamba kuonekana ni wajibu wa faili lenyewe. Siku hizi nikiambiwa halionekani nauliza kwa upole: lilionekana mara ya mwisho lini, na lilikuwa kwa nani? Masjala iliyo na utaratibu ina kitabu ambamo kila jalada linalotoka huandikwa pamoja na jina la aliyelichukua. Swali hilo humrudisha mtenda kwenye sentensi.

Aliyetutoa kwenye mkwamo ni mama mmoja jirani yetu mjini, aliyestaafu kazi ya masjala. Alitusikiliza huku akichambua maharage kwenye ungo.

"Mliomba nini hasa, mwanangu?"

"Karatasi za shamba, mama."

"Hakuna kitu kinachoitwa karatasi za shamba. Nendeni mkaombe muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji uliopitisha ugawaji wa ardhi, na muhtasari wa halmashauri ya kijiji uliotangulia huo. Tajeni mwaka. Kama hamjui mwaka, mseme ulikuwa kabla au baada ya jambo gani."

Baba mdogo alijua: ilikuwa mwaka uliofuata ule wa kujengwa zahanati. Tulirudi, tukataja majina mawili na mwaka, na kijana yuleyule, ambaye wala hakuwa mtu mbaya, akainuka, akapiga magoti mbele ya kabati, akavuta kutoka chini kaunta buku yenye mgongo uliobanduka. Ndani, kwa kalamu ya bluu iliyofifia, kulikuwa na orodha ya mahudhurio, ajenda, na chini ya ajenda ya tatu, jina la baba mdogo na ukubwa wa eneo lake kwa ekari. Ilichukua kama dakika kumi. Karatasi ilikuwa pale miezi yote ile, ila hatukuwa tumeiita kwa jina lake.

Tangu hapo nimekuwa nikiyafuatilia majina haya. Yana historia ndefu kuliko ofisi zinazoyatumia.

*Waraka* limetoka katika neno la Kiarabu lenye maana ya jani. *Jalada* limetoka katika ngozi, na *daftari* nalo, ukilifuata nyuma kupitia Kiarabu na Kiajemi hadi Kigiriki, unaikuta ngozi vilevile. *Hati* ni mstari, mkono wa mwandishi ulioacha alama. *Faili* tulilichukua kwa Waingereza, nao chimbuko lake walilitoa kwenye Kilatini, ambako lilikuwa uzi: karatasi zilitungwa kwenye uzi kama samaki. Nenda leo kwenye masjala yoyote ya halmashauri, fungua faili lolote, utaukuta uzi huo ungali pale, kikamba kifupi kilichopita kwenye matundu mawili ya pembeni, chenye vichuma nchani. Tunasema faili na jalada kana kwamba ni kitu kimoja, na ofisini ni kitu kimoja kweli. Lakini lugha imehifadhi kumbukumbu mbili, moja ya ngozi inayofunika na nyingine ya uzi unaoshika. Napenda sana kwamba faili zuri linahitaji vyote viwili. Lililofunikwa bila kufungwa linadondosha karatasi njiani. Lililofungwa bila kufunikwa linaliwa na panya.

*Masjala* nayo ni ya ukoo wa sajili, usajili na msajili. Shina lake ni la Kiarabu, na nyuma ya Kiarabu wanaisimu wanaliona neno la Kilatini lenye maana ya muhuri. Kwa hiyo masjala, kwa asili yake, ni mahali pa vitu vilivyotiwa alama ili visikanwe baadaye. Serikalini kuna masjala ya siri na masjala ya wazi, na jina hili la pili limewapoteza wengi. Mwananchi akisoma kibao cha "Masjala ya Wazi" hudhani amekaribishwa kuingia. La. Uwazi huo ni wa watumishi: hapo ndipo majalada ya kawaida yanapotunzwa, yale yasiyo na muhuri wa siri. Wewe na mimi tunabaki dirishani. Sidai dirisha livunjwe, maana majalada hayo yana habari za watu, mishahara na maradhi yao. Ila jina lile lingestahili maelezo ya mstari mmoja chini yake.

Kisha kuna *dokezo sabili*, neno ambalo nje ya utumishi wa umma halijulikani kabisa, nami nalihesabu kati ya istilahi nzuri zaidi zilizobuniwa katika ofisi zetu. Dokezo ni maandishi ya ndani, ofisa akimweleza mkubwa wake au mwenzake: jambo limefika hapa, napendekeza hivi. Sabili ni njia; ndilo shina la kusabilia, kukitoa kitu kiende kwa watu. Dokezo sabili ni karatasi ya peke yake, isiyofungwa jaladani, inayotembea kutoka meza hadi meza. Barua inayokufikia nyumbani ni tokeo. Hoja zilizoizaa mara nyingi ziko kwenye dokezo. Na kwa kuwa halina uzi, ndilo la kwanza kupotea.

Jirani yetu alikuwa na kanuni yake kuhusu barua: usitupe barua ya ofisi hata kama imekukatalia, kwa sababu juu yake pana *Kumb. Na.* Herufi, tarakimu, mkwaju, tarakimu tena, mkwaju mwingine. Hiyo ndiyo anwani ya jambo lako ndani ya kabati. Sehemu ya kwanza hutaja ofisi na jalada, na tarakimu za mwisho hutaja ukurasa ambao nakala ya barua imefungwa. Ukiitaja namba hiyo, mtunza kumbukumbu haendi kutafuta, anaenda kuchukua. Halafu usiige ule mtindo wa kufungua barua kwa "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu." Walimu wa lugha wameukemea miaka mingi kwa sababu ya sarufi, maana mtu hawezi kuamriwa ahusike. Mimi naukemea kwa sababu nyingine pia: unakula mstari wa kwanza, mahali pekee ambapo msomaji mwenye barua arobaini mezani yuko macho. Mstari huo uutumie kutaja karatasi unayoitaka.

Neno linalotatanisha kuliko yote ni *kumbukumbu*. Mengine mengi niliyoyataja ni wageni waliopewa uraia. Hili ni la Kibantu, limetoka katika kukumbuka. Idara ya serikali inayohusika inaitwa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, na Sheria Na. 3 ya mwaka 2002 ndiyo inayosimamia kazi yake. Katika lugha ya idara, kumbukumbu ni maandishi ambayo ofisi bado inayatumia au imeyaweka karibu. Nyaraka ni yale yaliyochaguliwa kutunzwa daima kwa ajili ya historia. Visiwani mpangilio umegeuzwa: wao wana Taasisi ya Nyaraka na Kumbukumbu. Mtaani sisi tunasema nyaraka kwa karatasi yoyote muhimu, kuanzia cheti cha ndoa hadi leseni. Kwa hiyo mwananchi akiandika kwamba anaomba "nyaraka za kijiji", mtu aliyesomea kazi hiyo anaweza kumwelekeza Dar es Salaam, kwenye Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, wakati daftari analolitaka liko kwenye kabati mbele yake.

Na Dar es Salaam nako kuna Ufipa. Wajerumani walijenga boma lao Kasanga, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, wakapaita Bismarckburg. Kumbukumbu za utawala wao zilizo katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa ziliingizwa na UNESCO katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997. Maofisa wa Kiingereza waliowafuata waliacha kitabu cha wilaya ya Ufipa. Anayetaka kujua mtawala wa kigeni aliiandikaje nchi hii, huko ndiko kwa kwenda.

Lakini kabla ya yote hayo, kumbukumbu ya Ufipa ilikaa vichwani. Falme mbili, Nkansi na Lyangalile, zilipokezana habari za watawala na mipaka yao kwa mdomo, na Roy Willis, mwanaanthropolojia aliyeishi huku miaka ya 1960, alijenga kitabu chake cha mwaka 1981 kwa sehemu kubwa juu ya simulizi za wazee. Mpaka leo, watu wakigombea mpaka wa shamba, anaitwa mzee anayekumbuka mti uliokatwa na mkondo uliohama. Kiswahili hakikutenga neno moja kwa kichwa cha mzee na lingine kwa daftari la mtendaji. Vyote ni kumbukumbu. Naona hapo lugha imetupa hukumu ya haki: daftari ni mzee asiyekufa, nalo linatakiwa litunzwe na kusikilizwa kwa heshima ileile.

*Muhtasari* ni jambo jingine. Kenya wanasema kumbukumbu za mkutano. Sisi Bara tunasema muhtasari, na neno letu lina ukweli ndani yake, maana muhtasari ni kilichofupishwa. Aliyesimama mkutanoni akapinga kwa nusu saa anaweza kujikuta kwenye muhtasari kama "wajumbe walijadili na kukubaliana". Bungeni kuna Taarifa Rasmi inayochukua maneno kama yalivyosemwa. Kijijini hakuna. Basi mtu akitaka hoja yake ibaki, aombe pale pale mkutanoni, kabla ya kufunga, kwamba iandikwe na jina lake litajwe.

Nilipofika kwenye maneno ya haki yenyewe nikakuta sheria zetu hazikuchagua kitenzi kimoja. Ibara ya 18 ya Katiba ya mwaka 1977 inazungumzia haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari, kisha inaongeza haki ya *kupewa* taarifa. Sheria Na. 6 ya mwaka 2016 inaitwa Sheria ya Haki ya *Kupata* Taarifa. Kupewa kuna mtu wa pili ndani yake: lazima awepo mtoaji, na wajibu uko kwake. Kupata hakumtaji mtoaji. Anayepata anaweza kuwa amehangaika peke yake. Sisemi walioiandika sheria walikusudia tofauti hiyo. Nasema tu kwamba kila ninapoyaona maneno hayo mawili pamoja, moyo wangu unaliendea lile la Katiba.

Na wananchi wenyewe wanasema nini? Wanasema *kufuatilia*. Nafuatilia cheti cha mtoto. Nafuatilia hati. Kutoka fuata tulipata fuatia, na kutoka hapo fuatilia, kitenzi kikarefushwa kwa kadiri safari ilivyorefuka. Hakuna tafsiri ya kisheria ya neno hilo, lakini hakuna anayelisikia asiyeona vumbi la njia, nauli, na benchi la ofisi.

Wapo wanaotaka tuache neno *kuomba*. Wanasema linamfanya mwenye haki aonekane ombaomba, tuseme kudai. Nimewafikiria, nami sikubaliani nao. Dukani, ukiwa umelipa noti ya elfu kumi kwa bidhaa ya elfu nne, unasema "naomba chenji yangu." Chenji ni yako, na neno *yangu* liko palepale kwenye sentensi, lakini bado unaomba, kwa sababu kwetu kuomba ni adabu ya watu wanaoheshimiana. Hakuna muuza duka anayesikia "naomba" akadhani amepewa hiari ya kubaki na chenji. Tatizo la ofisini ni sikio, siyo kitenzi. Mtumishi anayesikia "naomba muhtasari wa mkutano wetu" na asilisikie neno *wetu*, huyo ndiye wa kufundishwa.

Maana nyingi ya karatasi hizi ni zetu kwa sheria. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inataka kijiji kiwe na rejista ya ardhi yake, na hatimiliki za kimila hutolewa kwa kufuata maamuzi ya vikao vya wanakijiji wenyewe. Mapato na matumizi husomwa mbele ya mkutano mkuu na kubandikwa kwenye ubao wa matangazo. Taarifa ya namna hii haitunzwi na ofisi kwa ajili ya ofisi. Hata jina *Serikali za Mitaa* linatukumbusha ukaribu huo, ingawa kwa mtu wa wilaya ya Kalambo au Nkasi, ambako kuna vijiji na vitongoji, mtaa wenyewe hajauona mpaka afike mjini, naye akienda ofisi ya wilaya bado anaaga kwamba anakwenda bomani.

Watu wengi hueleza kwamba jina la Sumbawanga ni sentensi ya Kifipa: tupa uchawi. Mgeni aliyefika na mambo yake ya gizani aliambiwa ayaache nje. Ningefurahi kuona sentensi nyingine fupi kwenye mbao za matangazo za mkoa huu wote, kutoka Laela hadi Namanyere, kutoka Matai hadi Kirando: muhtasari wa mkutano mkuu uko hapa, rejista ya ardhi iko hapa, taarifa ya mapato na matumizi iko hapa, tangazo la kizazi linapelekwa pale, nakala inagharimu kiasi fulani. Gharama yake ni karatasi moja na pini nne. Waheshimiwa madiwani, hilo halihitaji bajeti ya mwaka ujao. Walimu wa Kiswahili nao, mnapofundisha barua rasmi, wapeni wanafunzi kazi ya kuandika barua ya kweli kwa mtendaji wa kijiji chao, wakiitaja karatasi moja kwa jina na mwaka wake.

Nawe msomaji, ukienda, andika barua mbili zinazofanana. Moja waachie. Ya pili igongwe muhuri wa IMEPOKELEWA, wenye tarehe, uondoke nayo. Baba mdogo anayo yake, ameiweka kwenye mfuko wa plastiki pamoja na nakala ya muhtasari, ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda. Sheria ya mwaka 2016 inampa ofisa siku 30 za kujibu tangu alipopokea ombi, na kama anakataa, aeleze sababu kwa maandishi. Siku hizo zinahesabiwa kutoka kwenye tarehe ya muhuri huo.